Jirani Zangu Wanaiba Udongo wa Shamba Langu la Tangawizi

Bibi Agatha, shikamoo.

Nakuandikia wewe kwa sababu huku sina mtu wa kumweleza, mchungaji ni binamu ya mume wangu, shangazi zangu hawajui kutunza neno, na mama mkwe wangu, ambaye ndiye ningemwambia kwanza, yumo ndani ya jambo lenyewe bila kujua, kwa hiyo naomba unisome kwa uvumilivu mpaka mwisho, unishauri kama mwanao, na jina langu usilitoe gazetini.

Mimi ni mkulima wa tangawizi huku Mamba, milimani, wilaya ya Same. Zamani tulikuwa watu wa kahawa, lakini ushirika ulipokufa na bei ikawa haitoshi hata kununua dawa ya kupulizia, watu waling'oa mibuni, wengine huku wakilia, wakapanda tangawizi, na kwa kweli tangawizi imetusomeshea watoto na kutuezekea nyumba, malori yanakuja kuichukua kutoka Dar es Salaam na hata Nairobi, hakuna anayetupangia bei, na mume wangu Hezroni husema hiyo ndiyo neema ya soko huria. Kwa upande mwingine bwana shamba wetu alipostaafu hakuletwa mwingine, basi ugonjwa ulipoingia hatukuwa na wa kumwuliza. Jani huanza kuwa njano kama jicho la mgonjwa wa manjano, kisha shina linalala, ukilivuta linatoka kirahisi kama jino bovu, na chini yake unakuta tangawizi imekuwa uji unaonuka.

Ugonjwa ulipokuwa bado mdogo alifika mtafiti wa chuo kikuu, Dakta Lukia, akakaa nyumbani kwetu msimu mzima, akalala chumba cha watoto na kula makande yetu bila kuchagua, akachimba udongo wetu akautia katika vichupa, na jioni alikaa jikoni na mama mkwe wangu Koleta kumwuliza jinsi wazee walivyokuwa wakichagua mbegu na kupumzisha shamba, maswali mengi hata mama mkwe akamwuliza yeye kama huko chuoni wazee wamekwisha. Alipoondoka tulimpa mkungu wa ndizi, akaahidi kwamba matokeo yatatoka, na sisi tukawa tunasikiliza redio tukidhani yatatoka huko.

Hayakutoka redioni. Ugonjwa ulipozidi nilishuka Same siku ya soko, nikaenda kwa shemeji yangu Method, mdogo wake Hezroni, mwenye duka la intaneti karibu na stendi, nikamwomba amtafute Dakta humo kwenye kompyuta, akaandika maneno, tukangoja mpaka chai ikapoa, ndipo likatokea jina la Dakta, na jina la Mamba, na jina la ugonjwa, nikasimama kwa furaha. Juu palikuwa na mistari michache inayosema kwamba utafiti umefanyika, chanzo kimejulikana na kinga ipo, na baada ya hapo hakuna kitu, ila maneno kwamba anayetaka kusoma zaidi alipe dola kwa kadi ya benki. Nikamwambia Method awaandikie hao watu kwamba sisi ndio wenye Mamba, akanijibu, "Shemeji, kompyuta haijui undugu," nikamwambia mama mkwe wangu yumo humo ndani, watufungulie tumwone tu, na watu wote dukani wakacheka, nami nikapanda mlima nikiwa nimechoka kama niliyefukuzwa msibani kwetu.

Method hakukata tamaa, alimwandikia Dakta mwenyewe barua pepe, na niliposhuka mara ya pili jibu lilikuwa limefika, ameomba radhi kwamba tulizuiwa mlangoni, ametuma makala yote, amemsalimu sana Mama Koleta, na ameuliza kama ng'ombe wetu Sikujua amezaa. Method akaichapa kwenye karatasi, akanisomea yote kwa Kiswahili. Makala inasema ugonjwa huo hukaa udongoni, na husafiri kwa mbegu yenye ugonjwa, kwa maji ya mfereji ambamo watu wameosha tangawizi mbovu, na kwa udongo ulioganda kwenye majembe na miguu ya watu waliotoka shamba lenye ugonjwa. Basi mtu achague mbegu safi, shamba alipumzishe kwa mahindi, shina likiugua alichimbe pamoja na udongo wake na kuliteketeza, na jembe na miguu avioshe kwa sabuni kabla ya kuingia shambani. Na humo ndani wametaja "mkulima mwanamke mwenye umri mkubwa" aliyeeleza kwamba bibi zake hawakumruhusu mtu aliyetoka kwenye shamba lililooza kuingia na jembe lake kwenye shamba zima, na huyo, Bibi Agatha, ni mama mkwe wangu, nilimsikia kwa masikio yangu akiyasema hayo huku akichambua maharage.

Sasa hapa ndipo shida yangu inapoanza, maana chini ya kila ukurasa kuna maneno mengine ya Kiingereza, na Method alinifasiria kwamba karatasi hii ni kwa matumizi binafsi ya aliyeipokea, hairuhusiwi kunakiliwa wala kusambazwa bila kibali cha wachapishaji. Mimi nimelelewa kuheshimu kilichoandikwa, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo niliogopa, nikamwuliza mume wangu, naye akaisoma, akaikunja, akaiweka kabatini chini ya sahani za harusi na kuniambia, "Umesikia, matumizi binafsi. Sheria imetusaidia."

Nikafanya yote yaliyoandikwa, na tangawizi yangu imesimama wakati za wenzangu zimelala. Mwanzoni watu walitania, mwinjilisti wetu Wilbard alisema tangawizi za wengine zilinyunyiziwa tu, zangu zimebatizwa kwa kuzamishwa, nikacheka nao. Baadaye ikawa minong'ono kwamba nimefuata dawa kwa waganga wa tambarare, na kwamba Method ananitilia kitu kutoka kwenye kompyuta, halafu nikaanza kukuta mashimo shambani, kona ya chini inayopakana na njia, kila shimo kama bakuli, kumbe watu wanachota udongo wangu waende kuuchanganya na wa kwao. Siku moja watu wakiwa msibani niliwahi kurudi, nikamkuta Mzee Eliamini, mtu mzima wa heshima zake, amepiga magoti pale konani na jembe lake na mfuko wa rambo, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema anatafuta kisu alichokiangusha. Nikapiga magoti nikamsaidia kukitafuta.

Hayo ningeyavumilia, lakini kuna Mwanahalima, jirani yangu, tuliolewa huku mwaka mmoja, mtoto wangu wa kwanza alimbeba yeye kabla ya mama yangu kufika, na shamba lake limeanguka lote wakati binti yake amechaguliwa kwenda sekondari. Alikuja akakaa jikoni kwangu, akaniambia, "Jirani, kama ni dawa, nitajie bei. Kama ni dua, nifundishe maneno. Kama nilikukosea, nionyeshe kosa." Nikamjibu kwamba ni rehema za Mungu tu. Akaniangalia, akasema, "Mungu wako na wangu si mmoja? Mbona shamba langu halioni?" Akaondoka, chai ameiacha nusu, na tangu siku hiyo tukikutana kisimani ananisalimia kama mgeni.

Mwisho wa mwezi huu ni msaragambo, yaani kazi yetu ya pamoja, wote tunaotumia mfereji mmoja tunakwenda na majembe kusafisha ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na baada ya hapo watu wanapanda. Natamani kusema siku hiyo. Hezroni anasema nikisema tangawizi itajaa na bei itaanguka, na tena watu wa intaneti wana njia zao za kumjua aliyesambaza, watanifuata mpaka Mamba. Mama mkwe naye kila siku anauliza kama yule msichana wa vichupa hajaleta salamu, nami salamu zake nimezificha, maana nikizitoa nitaulizwa zimefikaje. Nifanye nini, nivunje sheria au nimvunje jirani yangu?

Tena kuna jambo dogo nilitaka kulisahau. Tangu juma lililopita mashina machache pale kona ya chini njiani yameanza kuwa njano, Hezroni anasema ni jua, mimi nadhani ni kijicho cha watu, je, nizungushie uzio wa miiba?

Wako mtiifu,
Mwenye Karatasi, Mamba

MAJIBU YA BIBI AGATHA

Mwenye Karatasi, marahaba.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, na majina ya wengine wote uliyoyamwaga nimeyabadilisha, pamoja na la ng'ombe. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nimepumzika mahali ambapo wewe hukupumzika. Jibu hili nimekutumia pia kwa basi, kwa kuwa najua gazeti hufika Mamba likiwa limekwisha kufungiwa maandazi.

Nianze na sheria, maana ndiyo uliyojificha nyuma yake. Nilimwuliza mwanasheria ninayemfahamu. Alicheka kwanza, kisha akajibu kwa uzito: maandishi ya makala yana mwenyewe, kwa hiyo usiyatolee kopi na kuyauza sokoni. Lakini kumwambia jirani kwa kinywa chako kwamba jembe lioshwe kwa sabuni, hilo halina mwenyewe. Hakuna askari atakayepanda Mamba kukukamata kwa kusema "nawa miguu". Kama ni hivyo, mama zetu wote wangefia gerezani.

Tena uliyepokea salamu zake ni Dakta mwenyewe, aliyefanya kazi hiyo. Yeye alikuomba radhi kwa sababu ulizuiwa mlangoni. Mtu wa namna hiyo hakukufungulia ili wewe ukiisha kuingia uutie komeo kwa ndani.

Waliojenga mlango huo siwaachi. Udongo uliotiwa katika vichupa ulikuwa wenu, maneno yalikuwa ya mama mkwe wako, makande yalitoka katika chungu chako, na chuo hicho kinaendeshwa kwa kodi ya watu wanaolima kwa mkono. Kisha matokeo yakawekwa mahali ambapo mwenye tangawizi inayooza anaombwa kadi ya benki. Tuliambiwa intaneti itakuwa maktaba isiyo na ukuta. Kumbe wapo waliokimbilia kuujenga. Nasikia siku hizi kuna wasomi wanaotaka kazi zao ziachwe wazi, asome yeyote popote alipo bila kulipa. Hao nawaombea wawe wengi, na wawe na sauti kubwa.

Lakini nawe, mwanangu, nitakukaripia. Wachapishaji wale uliowalalamikia walikutajia bei. Mwanahalima alipokuomba umtajie bei, wewe ulimjibu kwa jina la Mungu. Nani kati yenu alifunga mlango zaidi? Umemsingizia Mwenyezi Mungu kazi ya sabuni, tena mbele ya mwanamke aliyembeba mtoto wako.

Mume wako anajiona mjanja wa soko huria. Mwambie hivi kutoka kwangu: lori halipandi mlima kwa ajili ya magunia ya mama mmoja. Linapanda kwa sababu Mamba yote ina tangawizi. Mashamba ya wenzenu yakiisha, dereva atageuzia njiani na kwenda kununua kwingine, na Hezroni atabaki na tangawizi yake nzuri, amwuzie Sikujua.

Sasa nije kwenye "jambo dogo" uliloliweka mkiani. Hilo ndilo kubwa kuliko yote, na majibu yake umeyaandika mwenyewe katika barua yako, ila umeyatawanya. Nitayakusanya. Watu walichimba udongo wako wapi? Kona ya chini, njiani. Majani yameanza kuwa njano wapi? Kona ya chini, njiani. Karatasi yako inasema ugonjwa husafiri kwa nini? Kwa majembe na miguu yenye udongo wa shamba linaloumwa. Na yule mzee wa heshima aliyekuwa anatafuta kisu, jembe lake lilikuwa limetoka shamba gani?

Hakuna kijicho hapo. Wewe uliosha jembe lako na miguu yako kama ulivyoelekezwa, kwa matumizi binafsi. Wenzako, kwa kuwa hukuwaambia kitu, walikisia kwamba siri imo udongoni, wakaja kuutafuta wakiwa na matope ya mashamba yao. Ungesema, wasingeiba. Wasingeiba, wasingekuletea. Karatasi umeificha chini ya sahani za harusi, na ugonjwa umeingia kwa sababu ya kufichwa kwake. Na maskini hao hawakupata faida yoyote, kwa kuwa udongo mzima uliotiwa katika udongo mgonjwa unaugua nao.

Fanya hivi, na usingoje kumwomba Hezroni ruhusa ya kila hatua.

Siku utakayopata jibu hili, chimba mashina yote ya kona ile pamoja na udongo wake, yateketeze, na hapo panda mahindi. Usione huruma, shina moja ulilolihurumia litakuhukumu.

Kisha nenda kwa Mwanahalima. Usimngoje siku ya msaragambo asikie pamoja na umati kama mtu baki. Nenda jikoni kwake, mweleze karatasi ilikotoka, ulivyoificha, na kwa nini. Atakasirika, na ana haki. Mwache akasirike mpaka amalize, wewe kunywa chai yake yote. Akimaliza, mpe mbegu kutoka upande wa juu wa shamba, usimpe hata kipande kimoja cha kona ya chini, na umwonyeshe pa kuipanda ambapo tangawizi haikuwahi kuoza.

Ukirudi nyumbani, mpe Mama Koleta salamu zake. Ni dhambi ndogo ya ajabu uliyoifanya, kumnyima mama mzee salamu. Mwonyeshe mahali alipotajwa, na mwambie kwamba maneno aliyoyasema akichambua maharage yamesomwa na watu asiowajua katika nchi asizozijua, na waliobaki kuyasikia ni majirani zake.

Siku ya msaragambo, aanze yeye kusema, kabla jembe la kwanza halijagusa tope. Fikiria vizuri: majembe ya mashamba yote, mazima na magonjwa, yatakusanyika kwenye ndiva moja, na maji ya ndiva hiyo yanakwenda kwa kila mtu. Mkikaa kimya siku hiyo mtaugawa ugonjwa kwa zamu, kama mnavyogawana maji. Mama Koleta aseme kwa lugha yenu ya Chasu, wazee wenzake wamwelewe. Wewe ufuate na yale ya karatasi. Na pale pale mkubaliane kwamba hakuna atakayeosha wala kutupa tangawizi mbovu mferejini. Ndiva haikuchimbwa na mtu mmoja, na mababu zenu hawakuandika pembeni mwake "kwa matumizi binafsi".

Shemeji yako Method amwandikie Dakta tena, amwombe ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, wenye ruhusa yake kwa maandishi kwamba yeyote aunakili na kuusambaza. Akiupata, aubandike ukutani dukani kwake, ili mtu wa Same asiye na fedha ya kukodi kompyuta ausome akiwa amesimama. Wale waliocheka siku ile nao wausome.

Uzio wa miiba usijenge. Haujawahi kumzuia mtu ambaye shamba lake linakufa, na wewe huna haja nao tena. Penye njia ya shamba weka beseni la maji na kipande cha sabuni. Mzee Eliamini atarudi, maana hajakipata kisu chake. Mwamkie kama kawaida, mshikie jembe alioshe, anawe na miguu, kisha mwingize shambani kwa njia ya mbele, umwonyeshe alichokuwa anakitafuta.